Word, Writer na Google Docs: ipi inaweka namba za kurasa za risechi bila kukutoa jasho

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Kama una risechi ya kurasa mia na ushee na chuo kinataka kurasa za mwanzo ziwe na namba za kirumi afu Chapter One ianze na 1, tumia Word. LibreOffice Writer (programu ya kuandikia kama Word) mimi naikubali sana kwa ilivyofikiriwa ila faida yake unaipata ukianza nayo toka mwanzo, na Google Docs iacheni kwa assignment za kurasa kumi. Wenye muda sasa tukae.

Nipo steshenari jirani na chuo, kazi yetu kuprinti, kubaindi na kuformat, na msimu wa kukabidhi risechi ukifika foleni inatoka mpaka nje kwenye mabenchi. Mtu anashusha fleshi anasema "bro weka tu namba hapo, dakika mbili". Unafungua faili unakuta namba kaziandika kwa mkono, yaani kabonyeza enta mpaka chini ya ukurasa akaandika 36, enta tena mpaka chini akaandika 37, hivyo hivyo mpaka mwisho. Sasa supavaiza kamwambia aongeze aya moja Chapter Two, ile 37 imepanda iko katikati ya ukurasa juu ya jedwali, na zote zinazofuata zimehama nayo. Hiyo dakika mbili haipo. Tunazifuta moja moja ndo tuanze kazi.

Tuje kwa Word. Kuweka namba za kawaida ni rahisi kweli: Insert, Page Number, unachagua chini katikati, kwisha. Shida inaanza pale unapotaka namba za aina mbili ndani ya faili moja, na hapa ndo Word inawachanganya watu kwa sababu kitu chenyewe hakipo kwenye menyu ya namba. Kipo Layout, Breaks, halafu Next Page ile ya chini chini kwenye Section Breaks (kwa Word za kabla ya 2016 tabu inaitwa Page Layout). Unaweka kasa (kile kimstari kinachopepesa unapoandika) mwanzo kabisa wa neno CHAPTER ONE, unaweka hiyo, faili linakuwa na seksheni mbili, yaani vipande viwili ambavyo kila kimoja kinaweza kuwa na namba zake. Ile Page Break ya kawaida ya Ctrl+Enter haifanyi hii kazi kabisa, inasukuma tu maandishi kwenda ukurasa mwingine, na nusu ya wanaolalamika kwamba "Word imegoma" wameweka hiyo.

Baada ya hapo kila mtu mtandaoni anakwambia kazime Link to Previous, zima huku, zima kule, na watu wanaichezea mpaka wanapoteza namba zote. Sikilizeni, hiyo Link to Previous inaunganisha na seksheni iliyotangulia kile kilichoandikwa kule juu au chini ya ukurasa tu. Aina ya namba, kirumi au kawaida, na inapoanzia, ni mali ya seksheni yenyewe. Kwa hiyo kama namba zote zinakaa sehemu ile ile chini katikati huna haja ya kuzima chochote. Unabofya mara mbili chini ya ukurasa wowote wa seksheni ya kwanza, Format Page Numbers, unachagua i, ii, iii. Unashuka seksheni ya pili, Format Page Numbers tena, unachagua 1, 2, 3 na Start at unaweka 1. Basi. Kava lisionyeshe namba? Ukiwa kwenye seksheni ya kwanza weka tiki Different First Page, kava linahesabiwa i kimya kimya na ukurasa unaofuata unatokea ii, ambavyo ndivyo vyuo vingi vinataka. Ila angalia, kama tiki hiyo uliiweka kabla ya kukata seksheni, na seksheni ya pili inairithi, afu ukurasa wa kwanza wa Chapter One unakuwa hauna namba na mtu anashinda akitafuta mchawi. Nenda pale itoe tiki.

Link to Previous utaihitaji kama chuo chako kinataka kirumi kikae chini katikati na namba za kawaida zikae juu kulia. Hapo ndo uzime, na uzime juu na chini, maana kila upande una yake.

Kitu ambacho naipa Word maksi na hakuna anayekijua: bofya kulia kwenye ule mstari wa chini kabisa wa dirisha, weka tiki kwenye Section na Formatted Page Number. Kuanzia hapo kila unapopita Word inakwambia uko seksheni ya ngapi na ukurasa unahesabiwa kama nini. Unganisha na Ctrl+Shift+8 ambayo inaonyesha seksheni zimekatwa wapi, utakuwa unaona kila kitu. Kwa nini hivi vitu vimefichwa sijui, Microsoft wangeviweka wazi toka mwanzo steshenari zingekosa hela.

Maksi nakata kwenye majedwali ya kulala. Mtu ana jedwali pana la Chapter Four, analaza ukurasa mmoja, maana yake anakata seksheni nyingine mbili, kabla na baada. Zile seksheni mpya zinarithi ile Start at 1. Matokeo yake risechi inafika ukurasa wa 58, jedwali linakuwa ukurasa wa 1, na baada ya jedwali inaanza 1 tena. Dawa ni kuingia kwenye kila moja na kuchagua Continue from previous section. Ni rahisi ukishajua, ila programu ingeweza kuuliza bana. Na usije ukafuta alama ya seksheni kwa delete ukidhani unapunguza nafasi tupu, maana mpangilio wa seksheni umebebwa na ile alama ya mwisho wake, ukiifuta maandishi ya juu yanachukua tabia za seksheni ya chini. Kirumi chote kinageuka namba za kawaida mbele ya macho yako, ikitokea hivyo Ctrl+Z haraka.

Table of contents sisemi sana. Ukitumia Heading 1 na Heading 2 kwenye vichwa inajitengeneza yenyewe na inachukua namba kama zilivyo, kirumi kwa kirumi. Ila haijisasishi kila unapoandika, lazima ubonyeze F9 juu yake, na ukiwa umebadilisha vichwa chagua Update entire table, ile ya Update page numbers only inaacha vichwa vya zamani. Bado naona risechi zimebaindiwa kava gumu zenye Chapter Five ukurasa wa 71 kwenye orodha na ukurasa wa 74 ndani.

LibreOffice Writer sasa. Ni ya bure, haina mambo ya activation wala fundi wa kukuwekea, installer yake ya Windows ni kama MB 350 hivi. Yenyewe haina seksheni za namna ya Word, ina mitindo ya kurasa. Unasema kava ni First Page, kurasa za kirumi ni mtindo wako huu, mwili ni Default Page Style, kila mtindo una namba zake na chini yake. Kuhama unaenda Insert, More Breaks, Manual Break, unachagua mtindo unaofuata na unaweka tiki Change page number unaandika 1. Nzuri sana kwa sababu hakuna kurithishana kimya kimya, mtindo ni mtindo, jedwali la kulala nalo unalitengenezea mtindo wake na hesabu inaendelea tu. Toka toleo la 7.6 la 2023 wameongeza na kidirisha cha Page Number kwenye Insert, kabla ya hapo ilikuwa lazima uanze kufungua footer (ile sehemu ya chini ya ukurasa) kwanza.

Ina visa vyake viwili. Kwenye mipangilio ya namba kuna kisanduku cha Offset, watu wanaweka pale wakidhani ndo pa kuanzia hesabu, kumbe kinaonyesha namba ya ukurasa mwingine, ndo maana kurasa za mwishoni zinabaki bila namba. Usikiguse. Cha pili, Writer inaamini namba witiri lazima ikae kulia kama kitabu, kwa hiyo ukianzisha 1 mahali pasipoangukia kulia inaingiza ukurasa mweupe yenyewe, na unaweza kutokea mpaka kwenye PDF. Kuna tiki ya kuizima wakati wa kutoa PDF. Tatizo kubwa lakini si hilo, tatizo ni supavaiza. Yeye ana Word, anataka docx (faili la Word) ili aweke comment, faili likienda na kurudi mistari inasogea kidogo, ukurasa wa 64 unaisha mstari mmoja mapema na kuanzia hapo kila kitu kimehama. Kama unakabidhi PDF tu mwisho wa safari, Writer ni raha.

Google Docs nzuri kwa kuandika kikundi, seksheni inazo na Link to previous inayo, ila kwenye chaguo zake za namba kirumi sikukiona, na ukiwa umeweka Pageless (hati isiyokatwa kurasa) ndo kabisa namba hazionekani. Andikeni humo, mkimaliza pakueni docx mkamalizie Word.

Na ombi kwa wateja wa steshenari, hasa mnaokuja saa moja jioni. Ukitaka kuprinti Chapter One na Two tu usiniambie "kuanzia 1 mpaka 40", maana faili lina i na lina 1. Kwenye kisanduku cha kurasa cha Word tunaandika p1s2-p40s2, yaani ukurasa wa 1 wa seksheni ya pili mpaka wa 40 wa seksheni ya pili. Ukitaka seksheni nzima ni s2 tu. Wanaoandika 1-40 wanapata acknowledgement wasizozitaka na karatasi hizo wanalipia.