Wiki za Kiswahili kwenye kihamba Marangu: uzoefu wangu, mazuri na yaliyonikera

Kwanza ieleweke mimi sikwenda kama mwanafunzi wa Kiswahili, mimi mtu wa Temeke bwana. Kuna kundi la wanafunzi wa chuo kutoka Marekani walikuja likizo kusoma Kiswahili, wakatuchukua na sisi wanachuo wachache wa Dar tuwe wenzao wa kupiga nao stori, tunakula wanachokula, tunalala wanapolala. Sisi tulichangia nauli tu, wao walilipa kifurushi kizima kwa dola. Kampuni iliyoandaa sitaji jina lake maana nina ya kusifia na nina ya kulalamika, lakini vifurushi vya hivi viko vingi Kilimanjaro siku hizi na vingi vinafanana, kwahiyo nadhani itamsaidia mtu anayefikiria kwenda au kupeleka kikundi chake.

Safari yenyewe sina mengi. Basi alfajiri pale Mbezi, msosi Korogwe kwa bei za barabarani, jioni mnashuka Himo, mnapakiwa kwenye noah mnapandisha Marangu Mtoni. Aliyewaambia wageni ni mwendo mfupi amewadanganya, kuna dada mmoja kuanzia Mwanga alikuwa haongei kabisa, si Kiswahili si Kiingereza.

Sasa kihamba, yaani shamba la Wachagga linalozunguka nyumba. Mimi neno shamba nikilisikia najua mahindi yamenyooka kwenye mistari. Huku huoni shamba linaanzia wapi na nyumba inaishia wapi, juu miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage, mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita pembeni, na ng'ombe yuko bandani humo humo hatoki kwenda kuchunga, majani ndio yanamfuata. Mpaka wa jirani ni mimea ya masale iliyopandwa tu. Na mimi naona hii ndio sababu kubwa mpango mzima unafanya kazi, maana hakuna kwenda shambani halafu kurudi, mtu ukitoka mlangoni ushafika kazini, na aliye karibu yako lazima muongee.

Darasa lilikuwa asubuhi kwenye ukumbi wa shule, mwalimu mzuri sana, ngeli anazijua mpaka raha, ila wanafunzi wakitoka pale wanatembea na daftari wanakariri ki-vi ki-vi na mdomo haufunguki. Mchana ndio mambo. Nyumba niliyokaa walikuwa wanachuma kahawa, ndio msimu ulikuwa unaanza, na bibi mwenye nyumba alimpa mzungu wetu, jamaa mmoja mrefu wa Ohio, kazi ya kuzungusha mashine ya kumenya, ile ya mkono. Bibi anamimina matunda na maji kwa juu, yule anazungusha, punje zinatoka huku maganda mekundu yanamwagika kule. Mara mashine ikakwama. Bibi: "Rudisha nyuma! Nyuma, baba, sio mbele. Haya ongeza maji. Kidogo! Umeyamwaga yote!" Jamaa jasho linamtoka anaitikia ndio bibi, ndio bibi, halafu ghafla akasema mwenyewe bila kuulizwa, "Bibi, hii mbichi imeingia, ndio maana imekwama," akachomoa tunda la kijani akamuonyesha. Nusu saa ile alitumia vitenzi vingi kuliko darasa la wiki nzima, na hakuna hata kimoja alichofungulia daftari. Baada ya hapo zile punje zinalowekwa mpaka ule utelezi uishe, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vichanja vya wavu na kila muda mtu apite kuzigeuza na kuchambua mbovu, na hapo kwenye kuchambua ndio umbea wote wa kijiji unapita, mnakaa wima pembeni ya kichanja mikono inafanya kazi midomo inafanya kazi.

Watoto wa pale nyumbani nao nawapa nyota zote. Hawana subira ya kukusubiri utafute kiambishi, ukikosea wanacheka, wanakurekebisha, wanaendelea na mpira.

Ya kulalamika sasa. Kuna jambo tangazo halikusema na sijui kwanini, maana kila mtu anayejua uchagani analijua. Wazee nyumbani wanaongea Kichagga! Kichagga cha Marangu ni Kivunjo, na jirani akija, stori zinahamia huko moja kwa moja, wageni wanabaki wanatabasamu. Mimi mwenyewe nilikuwa nabaki natabasamu, na ndio nilikuwa nimeletwa kama mtaalamu. Sio kosa la familia hata kidogo, pale ni kwao na hiyo ndio lugha yao, ila mtu aliyelipa kwa dola kuja kusikia Kiswahili kutwa nzima angeambiwa mapema. Nyumba yenye wajukuu wa shule Kiswahili kinatiririka, nyumba ya wazee wawili peke yao utajifunza "shimboni", ile salamu yao, na kunyamaza. Kama unapeleka kikundi, uliza kila nyumba ina nani kabla hujalipa.

La pili ni idadi. Nyumba yetu walikuwa wageni wawili, safi kabisa. Nyumba ya juu waliwekwa watano chumba kimoja kikubwa, wale walikuwa wanaongea Kiingereza mpaka usingizini, na mwenzangu aliyepangwa nao alirudi Dar Kiingereza chake ndio kimenyooka. Kulikuwa na sheria ya kutoongea Kiingereza baada ya chai ila sheria bila mtu wa kuisimamia unajua inavyokuwa.

Chakula sina neno. Mtori asubuhi kwenye baridi ile, aisee. Kiburu sikukielewa siku ya kwanza, ndizi na maharage pamoja mimi wa pwani nilijiuliza hivi hawa wana shida gani, halafu nikawa naongeza. Machalari, ndizi za nyama, ilipikwa Jumapili baada ya kanisa, watu wakajaa uwanjani. Mbege tulionjeshwa kwenye kata kwa wanaotumia, ya ndizi na ulezi, nzito inashibisha, hakuna aliyelazimishwa na kuna dada hanywi pombe aliletewa chai bila maswali. Vyoo ni vya shimo, visafi, maji ya kuoga yanachemshwa jikoni kwa kuni kwahiyo usiwe mtu wa kuoga mara tatu kwa siku ukawachosha wenyeji wako. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huko sio mchezo, ukungu unashuka saa kumi jioni na mlima wenyewe unaweza kukaa siku nyingi hauuoni kabisa. Kampuni iliandika sweta jepesi, puuzia, beba koti.

Siku ya matembezi tulipelekwa maporomoko ya Kinukamori na kwenye mapango wanakosema wachagga walijificha enzi za vita na wamasai. Pazuri, ila waongozaji wote waliongea Kiingereza, sasa hapo ndio nini? Kundi limekuja kusoma Kiswahili, unalieleza historia kwa Kiingereza. Tuliomba wabadilishe, mmoja akabadilisha na ghafla akawa mchekeshaji, wengine wakagoma eti wamezoea hivyo.

Na pesa. Mama wa nyumba aliniuliza kwa adabu sana, tukiwa tunakatakata mgomba wa kumlisha ng'ombe, "Mwanangu, hawa wenzako wanalipa ngapi kule?" Nilijua bei ya kifurushi na nikajua kwa macho yake kwamba anachopata kwa kichwa kwa usiku ni sehemu ndogo mno. Nikamwambia mama hilo waulize ofisini kabla ya kundi lijalo, akacheka tu. Kwahiyo wewe mwenye kuandaa kikundi, swali la familia inabaki na shilingi ngapi liulizwe wazi mbele ya watu wa kampuni, na kama hawataki kulijibu kuna vikundi vya wanakijiji wenyewe vinavyopokea wageni moja kwa moja, ukifika Moshi mjini ukiulizia utaelekezwa. Mfuko wa sukari na sabuni ya kufulia kama zawadi ya kuingilia inapokelewa vizuri kuliko kofia za chuo, kofia zile niliziona zimevalishwa sanamu ya kufukuza ndege.

Muda wa kwenda: kuanzia mwezi wa saba hivi mpaka mwisho wa mwaka ndio utakuta kahawa inachumwa na kazi ipo. Machi mpaka Mei ni masika, udongo ule ukilowa unateleza mbaya, noah haipandi, mtabeba mabegi kichwani kuanzia barabara ya lami.