Treni ya mezani: z21, Power Cab au DCC-EX?

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Leo mezani nina vifaa vitatu vya kuendeshea treni za modeli kidijitali. Huyu mweupe ni z21 ya Roco, na rimoti yake nyekundu inaitwa MultiMaus. Huyu mrefu mweusi ni Power Cab ya NCE, kampuni ya Marekani. Na hii bodi ya Arduino, kikompyuta kidogo cha mafundi, yenye waya zinazoning'inia ndiyo DCC-EX, ya kujitengenezea mwenyewe. Mwenye haraka nimpe jibu langu sasa hivi aende zake: tazama rimoti kwanza, boksi, yaani kile kinachopeleka umeme na amri relini, baadaye. Mwenye nafasi tukae.

Watu wengi wanaoingia kwenye mchezo huu wanababaika na chapa ya boksi, wanadhani wakikosea hapo wamefunga ndoa isiyovunjika. Haiko hivyo. Hivi vitatu vyote vinaongea DCC, lugha ya kuamrisha treni kidijitali kupitia reli, na DCC ni kanuni ya wazi, haina mwenyewe. Ilitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha miaka ya 1990 chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za modeli, NMRA, kikaifanya kanuni rasmi. Kichwa cha treni chenye dikoda ya DCC (kile kifaa kidogo ndani yake kinachopokea amri) uliyoweka leo kitatembea kwenye boksi la kampuni nyingine utakalonunua miaka ijayo, bila kufungua skrubu hata moja. Wa kuangalia mara mbili ni mwenye treni za kampuni ya Märklin, za umeme wa katikati ya reli. Wale wana lugha yao, mfx, na magurudumu yao yanapeleka umeme kwa namna nyingine. Usichanganye mitumba ya Märklin na mitumba ya Roco kwa sababu tu bei ilikufurahisha.

Inavyofanya kazi, kwa ufupi. Zamani ukizungusha nobu ulikuwa unapandisha na kushusha volti kwenye reli, kwa hiyo vichwa viwili vikiwa juu ya reli moja vinaondoka pamoja. Kwenye DCC reli ina volti zote muda wote, kama 14 hivi kwa treni za HO (ukubwa wa 1 kwa 87), ila umeme unageuka upande kwa kasi kubwa, na urefu wa kila mgeuko ndiyo herufi. Mikrosekunde 58 kila nusu ni herufi 1, mikrosekunde 100 au zaidi ni herufi 0. Amri inapita kwenye reli nzima na kila dikoda inaisikia. Ni kama konda stendi anapoita "Mbagala, Mbagala": wanasikia wote, anapanda wa Mbagala peke yake. Kichwa kipya kikitoka dukani namba yake ni 3. Ukinunua viwili, vyote ni 3, na vyote vitaondoka. Kazi ya kwanza kabisa ni kubadilisha namba, na hapo ndipo tofauti za hawa watatu zinapoanza kuonekana.

Tumalizane na ampea upesi, maana zinauza sana kwenye matangazo. Kichwa cha kisasa cha HO kikivuta mabehewa yake kinakula chini ya nusu ampea, chenye sauti zaidi kidogo. z21 inatoa kama ampea 3. Power Cab ni karibu 2. DCC-EX inategemea bodi ya mota uliyoweka; hii yangu ni ya kawaida ya Arduino, imeandikwa ampea 2 kila upande, mimi sipendi kuipitisha 1.5. Kwa meza ya sebuleni yenye vichwa viwili vitatu, wote wanatosha. Usilipie ampea 5 za kupashia moto waya tu.

Sasa rimoti. Hapa nitakaa.

Tazama huu ubao wangu. Upana wake sentimita 30, na kazi yake ni kushanti tu: kutoa behewa hili, kulipeleka njia ya pili, kurudi kuchukua lingine. Kichwa kinasogea kwa hatua ya kwanza kati ya 128, polepole mpaka unahesabu mataruma. Macho yako yanatakiwa kuwa hapa, kwenye ndoano, pale behewa linapogusa behewa. Yakitoka hapo, umeligonga na limeruka reli.

Nachukua MultiMaus. Nobu yake ina kituo katikati. Nikizungusha kulia treni inaenda mbele, nikirudisha katikati inasimama, nikizungusha kushoto inarudi nyuma. Naona mnaniona: sijatazama mkono hata mara moja. Kidole gumba kinajua sifuri iko wapi kwa sababu kinaisikia inashika. Mtoto wa miaka sita anaielewa bila maelezo.

Power Cab ina kigurudumu kidogo cha kidole gumba, na pembeni vitufe vya kuongeza mwendo hatua moja moja au tano tano. Kubadilisha upande ni kitufe cha peke yake. Vitufe ni vingi, wiki ya kwanza utavitafuta. Ila nisiifiche sifa yake: skrini inaongea nawe kwa maneno. Inakuuliza kwa Kiingereza, unataka namba gani, unajibu, inakuuliza linalofuata. Kwa mtu anayependa kupanga mambo taratibu, usiku, peke yake, hakuna rimoti tulivu kama hii. Na haihitaji simu wala kompyuta wala router. Boksi lenyewe limo ndani ya rimoti.

DCC-EX haina rimoti. Unatumia simu, programu ya Engine Driver kwenye Android. Kinachoonekana ni mstari wa kuburuza kwa kidole, na tatizo la kioo ni kwamba hakina mahali pa kushika: kidole kikiteleza nusu sentimita, treni imeruka hatua ishirini. Lakini kuna kitu wengi hawakijui. Ingia kwenye mipangilio, ruhusu vitufe vya sauti viendeshe mwendo. Cha juu kuongeza, cha chini kupunguza. Simu ya zamani iliyopasuka kona, mradi vitufe vyake ni vizima, inakuwa rimoti ya kushanti inayofaa kabisa. Programu hiyo inakubali pia rimoti za kuchezea gemu za Bluetooth.

Kwa mkono wangu mimi MultiMaus iko mbele, na si kwa kidogo.

Ila z21 ina mtego, na mtego huu ni wa hela. Kuna z21 na kuna z21start. Zinafanana rangi, zinafanana umbo. Ile start ndiyo inayokuja ndani ya seti za kuanzia za Roco na Fleischmann, na milango yake ya simu imefungwa. Ukitaka kuendesha kwa simu inabidi ununue msimbo wa kuifungua, kwa bei ya kando. Wazungu wengi hununua seti, wanatoa treni, boksi wanauza mnadani mtandaoni, na wewe ukiwa Dar unaona bei nzuri unashangilia. Soma maandishi ya mbele ya boksi kwenye picha kabla hujalipa. Pili, hizi nyeupe hazina Wi-Fi ndani. Unachomeka router kwenye tundu la mtandao. Router yoyote ya nyumbani inatosha, haihitaji bando. Ile Z21 nyeusi, kaka yake mkubwa, huuzwa pamoja na router yake, na unaweza kuchagua volti za reli kutoka 12 hadi 24. Kwa HO ya sebuleni, mweusi ni anasa.

Kama mfuko umebana, kuna njia ya uchochoroni ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya z21, Roco waliuza seti zenye MultiMaus na kiboksi cheusi, namba 10764. Mitumba yake ni mingi na ni rahisi. Inaendesha DCC sawasawa. Inaandika mipangilio kwenye dikoda, isipokuwa kuisoma haiwezi, kwa hiyo andika kwenye daftari kila unachobadilisha. Siku ukipata z21, unachomoa rimoti ile ile, unaichomeka huku, maisha yanaendelea. Ndiyo maana nikasema rimoti kwanza: yenyewe inabaki mkononi, boksi ndilo linalobadilika.

Power Cab nayo nina mawili ya kusema. La kwanza, adapta. Za soko la Marekani mara nyingi ni za volti 120, na ukutani kwetu ni 230. Geuza adapta, soma chini. Kama haijaandikwa 100 mpaka 240, usiichomeke, tafuta nyingine ya volti zile zile za kutoka. La pili ni kubadilisha namba. Power Cab ina njia moja tu ya kutoka umeme, kwa hiyo ukiingia sehemu ya reli ya kupanga, ile ya kuandika mipangilio kwenye dikoda, meza yako yote inageuka kuwa reli ya kupanga. Vichwa vyote vilivyopo juu ya reli vinapokea namba mpya kwa pamoja. Ondoa vingine vyote kwanza, kibaki kimoja. Mipangilio mingine isiyo ya namba unaweza kuipanga kikiwa kwenye njia kuu kwa namba yake, ambako kinaguswa kile chenye namba uliyoitaja tu. Ukikua na kutaka nguvu zaidi, NCE wana SB5, inakupa ampea 5, na rimoti yako inabaki ile ile.

DCC-EX ndiyo inayonipa raha nyingine. Unahitaji Arduino Mega, bodi ya mota inayokaa juu yake, bodi ndogo ya Wi-Fi ya ESP8266, na adapta ya volti 12 hadi 15. Vyote ni vya mafundi wa elektroniki wa kawaida, Kariakoo havikosekani. Kikiungua kimoja, jioni umeshabadilisha, hakuna kusubiri mzigo bandarini. Programu ni ya bure, kuna EX-Installer inayoweka kila kitu kwa kompyuta. Usichukue Arduino Uno, ile ndogo, ukidhani unaokoa hela. Kumbukumbu yake ni ndogo, Wi-Fi haitaingia. Na sogea karibu nikuonyeshe hapa chini ya bodi ya mota: unaiona hii njia nyembamba ya shaba iliyoandikwa Vin Connect? Ikate kwa wembe. Ukiiacha, volti za reli zinapanda moja kwa moja kwenye Arduino. Baada ya kuikata, Arduino inapewa adapta yake, reli inapewa yake.

Zawadi yake ni kwamba bodi ina pande mbili. Moja ya njia kuu, nyingine ya kipande cha reli cha kupangia. Vichwa vingine hutaviondoa kwenye njia kuu. Ukiunganisha kompyuta yenye JMRI, programu ya treni za modeli ambayo pia ni bure, unafungua DecoderPro, sehemu yake ya kupangia dikoda, na mipangilio ya dikoda unaisoma kwa majina badala ya namba kavu. JMRI inaongea na z21 na NCE pia, ila NCE utaongeza kifaa cha USB.

Kwa hiyo. Una watoto wanaotaka kushika? z21 na MultiMaus, au ule mtumba wa 10764. Unaendesha peke yako, simu hutaki kuiona mezani, na una ndugu Marekani wa kukuletea? Power Cab. Unajua kulehemu na hela ni ya mawazo? DCC-EX na simu yenye vitufe vizima. Wale mnaotaka kutengeneza reli yetu ya zamani, ile ya mita moja, kwa HO upana wake unakuwa milimita 12, inaitwa HOm. Mifumo yote hii mitatu inaiendesha vilevile. Vichwa vya kununua ndiyo shida, lakini hiyo ni siku nyingine.

Sasa kabla hujawasha. Pitisha waya mbili nene chini ya ubao, za shaba, milimita za mraba 1.5 kama za taa za nyumba, na kila kipande cha reli kipate vijiwaya vyake viwili kutoka hapo. Usitegemee viungio vya reli kupeleka umeme, vinashika kutu, na unyevu wa pwani unaujua. Kisha chukua sarafu ya shilingi 200, hivi, ilaze juu ya reli zote mbili mahali pa mbali kabisa na boksi. Boksi linatakiwa likate papo hapo. Limekata. Inua, washa tena, sogea mbele, laza tena. Mahali ambapo halikati, waya ni nyembamba au kiungo ni kibovu, na shoti ikitokea hapo itayeyusha plastiki ya gurudumu kabla boksi halijajua.

La mwisho linatuhusu sisi ambao umeme hukatika na kurudi kwa kushtukiza. Dikoda nyingi zimeruhusiwa kutembea pia kwa umeme wa mtindo wa zamani. Umeme ukirudi vibaya, au shoti ikipita, dikoda inaweza kudhani iko kwenye reli ya zamani, na kichwa kikaondoka mbio zote mpaka sakafuni. Ingia CV 29, yaani mpangilio namba 29 ndani ya dikoda. Ukikuta 6, andika 2. Ukikuta 38, maana yake una namba ndefu, andika 34. Basi, haitatembea tena mpaka isikie amri yako. Fanya hivyo kwa kila kichwa kabla hakijagusa njia kuu, na ukikuta tarakimu nyingine tofauti na hizo, toa 4 kama ile 4 imo ndani yake. DecoderPro inakuonyesha kwa alama ya kuweka tiki, unaitoa, unaandika, umemaliza.