Huduma ya kutuhamisha kwenda nyumba ndogo zaidi: nyota 3 na nusu kati ya 5

Tumeishi nyumba moja miaka 31. Vyumba 4 vya kulala, stoo, na korido ndefu ambayo watoto waliifanya uwanja wa mpira. Sasa watoto wote 3 wana makwao, goti la mzee wangu halitaki tena ngazi, nami nimechoka kufagia vyumba visivyolala mtu. Tukapata nyumba ya vyumba 2, haina ngazi hata moja, tukatafuta watu wa kutuhamisha.

Jina la kampuni sitalitaja. Nina ya kuwasifu na nina ya kuwalaumu, na katika hayo ya kuwalaumu kuna kijana mmoja ambaye sitaki aharibiwe riziki. Huduma tuliyochukua wanaiita kamili: wanakuja kukagua, wanafunga vyombo, wanasafirisha, kisha wanafungua na kupanga kule mnakohamia.

Nianze na ukaguzi, maana ndio ulionifanya niandike. Alikuja dada mmoja na daftari, tepu ya kupimia na selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Akaniuliza, "Mama, sebule mnayokwenda ina ukubwa gani?" Nikamjibu, ya kutosha. Akacheka. "Ya kutosha ni mita ngapi?" Sikuwa na jibu. Tulishaikagua ile nyumba mara 3, tukasifia dirisha, tukasifia bomba lenye presha nzuri, lakini tepu hatukuishika.

Kesho yake tukaenda kupima: mita 4.2 kwa 3.6. Dada aliporudi alipiga magoti kwenye sebule yetu ya zamani, akaanza kubandika selotepu sakafuni. Alichora sebule mpya ndani ya sebule ya zamani, kwa ukubwa wake halisi. Akaonyesha dirisha lilipo, akaweka alama ya mlango, na akachora hadi ule mviringo ambao mlango unaupita ukifunguliwa, kwa sababu hapo huwezi kuweka kitu. Alipomaliza akasimama, akajipangusa magoti, akasema, "Haya, vyombo vyenu viingie humo."

Havikuingia. Meza yetu ya watu 8 peke yake ilikula nusu ya mahali, kwa sababu, alivyotueleza, meza haipimwi kwa mbao zake tu. Kiti kikivutwa ili mtu akae au ainuke kinahitaji sentimita kama 75 nyuma, na kama kuna mtu atakayepita nyuma ya aliyekaa, ongeza. Miezi 3 tulikuwa tunabishana juu ya ile meza, mimi nikitaka iende, mzee akitaka tuiache. Selotepu ilimaliza ubishi kwa robo saa, nami ndiye niliyeshindwa. Kiti cha mzee, kile ambacho hakikaliwi na mtu mwingine hata akiwa safarini, kilikaa juu ya mstari. Akakikalia hivyo hivyo, mgongo ndani ya selotepu, miguu nje. "Basi mimi nahama," akasema, "miguu itabaki."

Mwanzoni walikadiria mzigo wetu kuwa mita za ujazo 42. Baada ya selotepu ukashuka hadi 23. Na wao wanatoza kwa mita za ujazo! Yaani walijipunguzia malipo kwa mikono yao wenyewe. Kwa hilo peke yake nawapa nyota 2.

Hapo katikati walituuzia siku moja ya kuchambua vitu, yaani vijana 2 wanakusaidia kutenganisha vinavyokwenda na vinavyobaki. Ushauri wangu: msiichukue, au kama mkiichukua, msikubali waanzie popote. Wetu walianzia kabati la picha. Saa 2 nzima nimekaa chini nimekumbatia albamu, kijana wa watu kasimama na boksi tupu hajui afanye nini. Wangeanzia stoo, au kwenye masufuria, vitu ambavyo mtu anaamua bila kumeza mate. Ukishaamua mambo 100 madogo mkono unazoea. Sisi tulianza na makubwa, na ilipofika mchana, kila kitu kilichoinuliwa mbele yangu na kuulizwa "hiki je, mama?" nilijibu, kinakwenda, ili waniache nipumzike. Ndiyo maana leo nina vifuniko 6 vya masufuria ambayo hayapo.

(Na watoto nao. Walishahama zamani, lakini vitu vyao tulikuwa tunavitunza sisi, bure, kama stoo ya serikali. Niliwapa tarehe ya kuja kuchukua. Mmoja alikuja. Wawili walisema, "Mama, niwekee tu kidogo.")

Kufunga vyombo wanakujua, sina la kusema. Sahani walizisimamisha kwa ukingo ndani ya boksi, kama vitabu kwenye rafu, wala hawakuzilaza. Ukizilaza, ya chini inabeba zote na mtikisiko mmoja unatosha kuipasua. Vitabu viliingia maboksi madogo, mito na mablanketi maboksi makubwa. Skrubu za kila kitanda zilitiwa kwenye kifuko cha nailoni na kufungwa kwenye ubao wa kitanda hicho hicho. Friji ilisafiri imesimama. Hakikuvunjika kitu, hata kile kikombe chenye ufa ambacho nilikuwa naombea kivunjike.

Mashine ya kufulia imefika na sasa ikikamua inatembea hadi katikati ya bafu, lakini hilo ni letu. Mashine zile za mlango wa mbele huja na bolti za kushikilia pipa la ndani wakati wa safari, na kiongozi wao aliziulizia kabla ya kuibeba. Mzee alikuwa amezitupa wiki moja nyuma pamoja na kopo la misumari ya kutu. Mnaojiandaa kuhama, nendeni mkazitafute zenu leo.

Sasa lawama. Vijana wa kufunga waliandika kila boksi kwa maka peni, herufi kubwa, safi kabisa: STOO, CHUMBA CHA WAGENI, CHUMBA CHA WASICHANA. Waliandika vilikotoka. Sikulitambua kosa mpaka tulipofika, kijana kasimama mlangoni na boksi begani, jasho linamtoka, akaniuliza kwa adabu zote, "Mama, chumba cha wasichana ni kipi?"

Nilikosa jibu. Wasichana wenyewe wana watoto wao. Nikamwambia aweke hapo ukutani kwanza. Na chumba cha wageni? Ukutani. Na stoo? Stoo hakuna, ukutani. Maboksi 14 yalirundikana kwenye kile kijikorido hadi mlango wa chumbani ukawa haufunguki, na usiku wa kwanza mzee alipita ubavu kwenda msalani. Mtu anayehama kutoka nyumba ya vyumba 4 kwenda nyumba kama ile ile, maandishi hayo yanamfaa. Kwa anayepunguza nyumba, nusu ya majina hayo yamekufa. Boksi lilipaswa kuandikwa linakokwenda: kabati la jikoni, chini ya kitanda, rafu ya sebuleni. Na kama hakuna anayeweza kusema linakwenda wapi, hapo ndipo pa kuuliza kwa nini linafungwa.

Kinachoniudhi ni kwamba ramani ilikuwepo. Dada wa selotepu aliichora vizuri kwenye daftari lake. Lakini siku ya kufunga hakuja, na waliokuja hawakuwahi kuiona.

Naye dada alikosea mahali pamoja, ingawa nakiri hata mimi ningekosea. Kabati la vyombo lina urefu wa sentimita 235, dari ya nyumba mpya iko sentimita 240. Akaandika: linaingia. Lililala, likapita mlangoni vizuri, kisha wanne wakaanza kuliinua. Lilipofika kama robo tatu ya kusimama likagota darini. Wakalishusha, wakalizungusha, likagota tena. Kiongozi wao, baba mmoja wa makamo asiyesema sana, akatoa tepu akapima mshazari wa ubavu, kutoka kona ya chini ya nyuma hadi kona ya juu ya mbele. Karibu 243. Kabati likiwa limesimama linatosha, lakini ili lisimame lazima lipite kwenye ule mshazari, na mshazari umeizidi dari kwa sentimita 2 na ushee. Kwenye nyumba ya zamani hatukuwahi kulijua hilo, dari ilikuwa juu mno.

Hakupiga kelele wala hakumlaumu mtu. Alililaza tena, akafungua skrubu za kitako chenye kimo cha sentimita 10, wakalisimamisha bila kitako, kisha wakalinyanyua wima na yeye akakisukuma kitako chini yake akiwa amelala kifudifudi. Nusu saa imekwisha. Darini pamebaki mkwaruzo mwembamba ambao mzee anapenda kuwaonyesha wageni.

Kwa hiyo: nyota 2 za selotepu, 1 ya sahani, nusu ya yule baba na kitako chake. Iliyobaki wataipata siku wanaofunga watakapokabidhiwa daftari la anayepima. Ukiwaita watu wa huduma kama hii, usiwaache waandike boksi hata moja kabla hujawabandikia ukutani orodha ya mahali palipopo kule mnakokwenda. Mimi ningewabandikia mistari 9 tu, ndio ukubwa wa nyumba yetu.

Ni wiki ya 6 sasa. Maboksi 13 yamefunguliwa. Moja bado liko sebuleni, mbele ya kiti cha mzee, ambaye amelifanya la kuegeshea miguu. Limeandikwa CHUMBA CHA WASICHANA. Binti yetu mkubwa anasema atakuja kulichukua mwisho wa mwezi. Hajasema mwezi upi.