Mashine ipi ununue ya kuchanganyia losheni na krimu

Wajasiriamali wengi wa vipodozi hapa Dodoma hutumia mafuta ya alizeti au ya ubuyu, maana yako jirani. Shida huonekana kiangazi: chupa imekaa dukani kwenye joto, mafuta yameelea juu, maji yamebaki chini, na mteja hanunui tena. Siku hizi wauzaji wanasema dawa ni ultrasaundi, yaani mashine inayochanganya kwa mitetemo ya sauti ya kasi sana. Inafaa, ila si kwa kila mtu. Tena hakuna mashine inayochukua nafasi ya emulsifaya, kile kiungo kinachoshikanisha mafuta na maji. Bila hiyo mafuta na maji vitaachana tu.

Ya kwanza kwangu ni homojenaiza ya chuma cha pua, yenye kisu kinachozunguka kwa kasi ndani ya kikombe chenye matundu. Ukishafika lita tano kwa mpiko mmoja, nunua hii. Inamudu krimu nzito, na mota yake hata fundi wa mtaani anaweza kuifungua.

Ya pili ni ultrasaundi ya ncha. Nyingi hufanya kazi kwenye kilohezi 20, yaani mitetemo elfu ishirini kwa sekunde: ncha ya titani inatetemeka, viputo vinazaliwa na kupasuka kwa nguvu, na matone ya mafuta yanavunjika hata chini ya maikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita). Kwa seramu na losheni nyepesi, kiasi kidogo kidogo, hakuna inayoishinda. Krimu nzito haizunguki. Inachemka karibu na ncha, kwingine imelala vilevile.

Hapo kwenye joto muwe makini sana, wenzangu. Mafuta ya alizeti yakipigwa muda mrefu yanaharibika na kutoa harufu ya kuchacha. Weka chombo ndani ya maji ya barafu, na chagua mashine inayoweza kupiga kwa vipindi, iwake na kupumzika. Ukiuziwa iliyotumika, igeuze ncha kwenye mwanga. Ikiwa imeliwa na ina vishimo vya kijivu, iache: chembe za titani zinaishia kwenye losheni ya mteja. Soma pia kibandiko cha umeme. Ya volti 110 itakuungulia hapa kwetu kwenye 230. Na ununue vizibo vya masikio, inapiga kelele kali.

Blenda ya mkono ni ya tatu. Bei yake ni nafuu na inatosha kujifunzia, mradi kichwa chake kizame muda wote, la sivyo inajaza hewa.

Beseni la ultrasaundi, lile la kuoshea vito na vifaa, msilinunue kwa kazi hii. Nguvu yake imetawanyika mno.

Kabla ya kulipa, nenda na mafuta yako, maji yako na emulsifaya yako, muuzaji achanganye mbele yako. Mimina kwenye chupa angavu, iache mahali pa joto siku kadhaa, ndipo urudi na hela. Akikataa jaribio hilo, tafuta muuzaji mwingine. Na katika bajeti yako tenga pia fedha ya usajili wa kipodozi TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambako kazi hiyo ilihamia 2019.