Tathmini ya masomo ya jioni Kirumba: wanawake wa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili

Kwa Jumamosi sita nimehudhuria masomo ya jioni yanayotolewa katika chumba kimoja cha kusomea hapa Kirumba, Mwanza, kuhusu jinsi maisha ya wanawake wa Uingereza, pamoja na haki zao, yalivyobadilika baada ya vita kumalizika mwaka 1945. Ada ni shilingi 20,000 kwa masomo yote, na unaruhusiwa kulipa kwa awamu mbili. Wenzangu wa kikoba wameniuliza mambo ya Waingereza yanamhusu nini mwanamke anayeuza dagaa pale Mwaloni, na swali hilo linastahili jibu kamili.

Ubora mkubwa wa masomo haya ni kwamba mwalimu hakuanza na wanasiasa, bali alianza na mkoba wa mama wa nyumbani na kuuliza fedha iliyomo ni ya nani. Tulijifunza kwamba mgao wa chakula haukuisha pamoja na vita, bali uliendelea hadi mwaka 1954, na kwamba mkate, ambao haukuwahi kugawiwa kwa kadi wakati wa vita, uliingizwa kwenye mgao kuanzia 1946 hadi 1948. Waliosimama foleni hizo kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Akina mama watu wazima darasani, wanaokumbuka foleni zetu za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Kisha ikaja posho ya familia, shilingi 5 za Kiingereza kwa wiki kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza, iliyoanza kulipwa Agosti 1946. Muswada wa awali ulitaka fedha hiyo apewe baba. Mbunge Eleanor Rathbone, aliyeipigania posho hiyo kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa waliokataa, na hatimaye ikaelekezwa mikononi mwa mama.

Somo la tatu ndilo lililonifanya niione ada yangu kuwa ndogo. Mwalimu alitueleza kesi ya mwaka 1943, ambayo mke alikuwa amejiwekea zaidi ya pauni 100 katika chama cha ushirika kutokana na fedha ya matumizi aliyoachiwa na mumewe, na mahakama ikaamua kwamba akiba hiyo ni ya mume. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu akauliza, "Mwalimu, yaani hata kile alichojinyima tumboni mwake si chake?" Kwa sheria ya wakati ule, hakikuwa chake. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1964 ndipo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kumpa mke nusu ya akiba ya namna hiyo. Mwalimu aliweka kando ya habari hiyo shauri letu la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitambua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ulinganisho huo haukulazimishwa, na kila mmoja wetu aliupima kwa hesabu za nyumbani kwake.

Somo la ajira nalo lilikuwa zuri. Kabla ya hapo sikujua kwamba mwanamke aliyeolewa alizuiwa kuwa mwalimu katika sehemu nyingi za Uingereza hadi mwaka 1944, na mtumishi wa serikali hadi 1946, wala kwamba katika utumishi wa kibalozi kizuizi hicho kilidumu hadi 1973. Habari za wanawake 187 washonaji wa makava ya viti vya magari, waliogoma Juni 1968 katika kiwanda cha Ford cha Dagenham, zilipata msaada ambao hakuna kitabu kingeutoa: darasani alikuwapo fundi anayeshona makava ya viti vya daladala, akatuonyesha kwa mikono yake jinsi kitambaa kinavyokatwa na kuzungushwa kwenye kona bila kukunjamana. Baada ya kumwona, ilikuwa vigumu kuelewa jinsi mwajiri alivyoiweka kazi hiyo katika daraja la wasio na ujuzi. Wagomaji walipandishiwa ujira hadi asilimia 92 ya ule wa wanaume wa daraja lao, na Sheria ya Malipo Sawa ikapitishwa mwaka 1970, ingawa haikuanza kutumika hadi mwisho wa 1975. Daraja la wenye ujuzi walilipata mwaka 1984, baada ya mgomo mwingine.

Kasoro zipo, nami nazitaja kwa sababu nayapenda masomo haya. Huduma ya afya ya taifa, iliyoanza Julai 1948, ilipewa nusu saa tu, ilhali kabla yake bima ilimlinda mfanyakazi mwenye ajira na kwa kawaida kumwacha nje mkewe aliyebaki nyumbani. Vidonge vya uzazi wa mpango vya mwaka 1961 na sheria za 1967 kuhusu utoaji mimba na uzazi wa mpango vilipitiwa haraka mno. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba Jayaben Desai alitajwa kwa sentensi mbili. Mwanamke huyu, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza, aliongoza mgomo wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London, kuanzia Agosti 1976 hadi Julai 1978, na wengi wa wenzake walikuwa wanawake wa Kihindi waliotoka Afrika Mashariki. Hadithi hiyo inatoka mlangoni petu. Ilistahili jioni nzima.

Masomo huanza saa 11 jioni, muda mgumu kwa anayefunga meza Mwaloni saa 12. Nimewaomba waandaaji wasogeze mbele kwa saa moja na nusu, nao wameahidi kulifikiria. Kwa awamu ijayo nimemlipia mkamwana wangu nusu ya kwanza ya ada.