Fundi umeme wa Msamvu aliyenitoa kwenye kusukumwa

Wakuu wenye pikapu za zamani za petroli, zile za kabureta na distributa, hii inawahusu. Ya kwangu ni ya 1988, nabebea nyanya na matikiti, na kwa miezi minne ilinitoa roho. Asubuhi inawaka pigo moja tu, jua likishapanda inaanza kumisi halafu inazima katikati ya barabara, unakaa kivulini kama nusu saa unajaribu tena inawaka kama siyo yenyewe. Gereji ya kwanza (siitaji) wakabadilisha plagi, wakaja koili (ile inayokuza umeme wa kuwashia plagi), wakaja kepu na rota za distributa inayogawa moto kwa plagi, kila siku "bosi hiki ndo kibovu", laki mbili na ushee imeenda na gari ikazima kabla sijafika nyumbani.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu fundi, yuko mitaa ya Msamvu hapa Morogoro, bango hana, ni turubai na benchi basi. Kilichonifurahisha hakuanza na spana, alianza na mita. Injini inaunguruma, kwenye betri inasoma volti 14 kasoro kidogo, akaenda kupima waya wa moto unaotoka kwenye swichi, palepale unapoingia kwenye koili, 10.4. Akaniita, "Kaka njoo uone mwenyewe, moto unaishia njiani, koili mpya itakusaidia nini?" Akafungua chini ya usukani, yaani aibu, kuna mtu aliwahi kufunga alamu akasokota waya kwa mkono na kuzungushia solotepu, ndani kutu ya kijani, na kontakti za swichi nazo zimeungua. Waya ukipata joto ndo unazidi kugoma. Akakata uchafu wote, akafunga rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) inayochukua moto betri moja kwa moja ikiwa na fyuzi yake, swichi ya ufunguo sasa inaamsha rilei tu.

Halafu akanionyesha waya wa ethi, yaani wa kurudishia umeme, kati ya injini na chesisi, zimebaki nyuzi chache mno. Kumbe ndo maana kebo ya akseli ilikuwa inachemka nikipiga starta mara nyingi, mi nasema ni joto la injini, kumbe umeme umekosa njia ya kurudi unapitia humo!

Vyote na ufundi wake elfu 55. Huu mwezi wa tatu haijazima, hadi mlima Kitonga nimepanda nayo saa saba mchana na mzigo.

Lawama zipo. Ukiambiwa saa mbili yeye anatokea saa nne na nusu na simu haina chaji, risiti sahau, na rilei ameifunga kwa kipande cha mpira wa tairi inaning'inia. Nyota nne. Ya tano ataipata akimaliza honi, maana tangu nitoke kwake nikikata kona ya kulia inalia yenyewe, juzi nimempigia honi trafiki bila kukusudia. Kasema nirudi Jumatatu.