Kolabo za wazee wa kantri: ipi ununue, ipi uiache dukani

Baba alipotimiza miaka 75 nilimnunulia santuri ya Jim Reeves na Patsy Cline, waimbaji wa kantri wa Marekani. Shilingi elfu nne na mia tano. Muuzaji, mwenye kibanda katikati ya jiji la Nairobi, aliniapia: "Dada, hii ni kolabo kamili, waliingia studio pamoja." Niliipakata kwenye matatu hadi Nyahururu kama mtoto mchanga, nikiikinga na jua la dirishani lisije likaipinda.

Baba ndiye aliyetufundisha kusikiliza. Nyumbani redio ilikuwa ya KBC, na kipindi cha Sundowner kikianza hakuna aliyeruhusiwa kugonganisha sufuria. Basi akaketi, akasikiliza upande wa kwanza wote bila neno. Ulipoisha akainua sindano taratibu, akaniambia: "Mama," maana nimebeba jina la mamake, "hawa hawakuimba pamoja." Akairudisha sindano mwanzo na kuinua kidole. "Sikia hapo. Mwanamke anavuta pumzi. Jim hamsubiri."

Nilisikia. Tangu siku hiyo nasikia kila mara.

Mzee alikuwa sahihi. Patsy Cline alikufa katika ajali ya ndege Machi 1963. Jim Reeves naye akafa hivyo hivyo Julai 1964. Kolabo yao ilitoka 1981. Mafundi walichukua kanda za kila mmoja, ambazo sauti ya mwimbaji ilikuwa imerekodiwa kwenye njia yake peke yake, wakazitoa sauti hizo, wakaziunganisha na kupigia vyombo vipya chini yake. "Have You Ever Been Lonely" ni wimbo ambao kila mmoja alikuwa ameurekodi kivyake. Sauti zote mbili ni tamu, lakini hazijuani.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitapima idadi ya nyimbo, uzuri wa jalada wala majina ya wageni. Hayo utayaona mwenyewe. Ninauliza jambo moja tu, ambalo wauzaji hawalitaji: je, walikuwa chumba kimoja? Wimbo wa wawili katika kantri ni mazungumzo. Mmoja anauma neno, mwenzake anapunguza sauti apate kumpokea. Ukitaka kujua, sikiliza mwisho wa mistari. Walioimba wakitazamana humaliza neno kwa pumzi moja, na yule mwenye sauti kubwa hujirudisha nyuma kidogo. Kisha geuza jalada usome maandishi madogo. Ukikuta studio tano za miji mitano kwa albamu moja, hapo kuna gundi.

Nafasi ya kwanza naitoa bila kusita kwa Kenny Rogers na Dottie West, Every Time Two Fools Collide ya 1978. Nampenda Kenny kuliko wote na sifichi. Hata hivyo, hapa ushahidi wenyewe uko upande wake. Dottie alikuwa akirekodi na prodyuza Larry Butler, ambaye pia alikuwa prodyuza wa Kenny. Kenny akafika studio kwa kazi yake, akamkuta Dottie hajamaliza, akaishia kuimba naye. Wimbo uliobeba jina la albamu ukashika nambari moja kwenye chati za kantri, na wakachukua tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, ya wawili bora 1978 na tena 1979. Weka ule wimbo, ongeza sauti, sikiliza Dottie anavyoingia: hapandi juu ya Kenny, anaingia pale sauti yake ya mkwaruzo inapoacha nafasi. Albamu yao ya pili, Classics ya 1979, ni laini zaidi, na ndimo ilimo "All I Ever Need Is You". Ukizikuta mbili pamoja, chukua zote. Dottie alifariki Septemba 1991, siku chache baada ya ajali ya gari akielekea kuimba Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri la Nashville.

Hapa wengi hukosea. Wanataka "Islands in the Stream", wimbo wa Kenny na Dolly Parton, wanaona CD ya Kenny iliyoandikwa Duets ya 1984, wanalipa. Wimbo huo haumo. Humo kuna Dottie, Kim Carnes na Sheena Easton, na ni mkusanyo mzuri. Wenyewe uko kwenye Eyes That See in the Dark ya 1983, na ndio kielelezo changu kikubwa cha jambo la chumba kimoja. Kenny mwenyewe alisimulia kwamba aliuimba peke yake kwa siku nne mpaka akauchukia. Barry Gibb, prodyuza wa albamu hiyo, akasema anahitajika Dolly. Kumbe Dolly alikuwa kwenye jengo lilo hilo. Akaitwa, akaingia, na wimbo ukabadilika. Siku nne za mtu mmoja zilishindwa na dakika chache za watu wawili.

Ya pili ni George Jones, The Bradley Barn Sessions ya 1994. Ghala la prodyuza Owen Bradley nje ya Nashville liligeuzwa studio zamani, likaungua 1980, likajengwa upya. Humo Jones alirudia nyimbo zake za zamani na wageni, hata Keith Richards wa bendi ya roki ya Rolling Stones. Nunua kwa ajili ya "Golden Ring" pekee, akiwa na Tammy Wynette, aliyekuwa mkewe. Walikuwa wameachana tangu 1975, na wimbo wenyewe unahusu pete ya ndoa. Usiichanganye na My Very Special Guests ya 1979. Wakati ule Jones alikuwa amezidiwa na pombe na ugonjwa, hakutokea kwenye vipindi vingi vya kurekodi, na sauti zikapachikwa baadaye. Majina ya wageni ni makubwa kuliko ya ile ya ghalani, lakini sikio la baba halikuikubali.

Ya tatu, Pancho & Lefty ya Willie Nelson na Merle Haggard, 1983. Kwa kanuni yangu ingeanguka, maana Haggard alikuwa amelala kwenye basi lake usiku wakati Willie akirekodi wimbo wa jina hilo. Akaamshwa, akaimba ubeti wake na usingizi machoni. Asubuhi alitaka kuurudia, akaambiwa kanda imeshaondoka. Lakini Willie alikuwepo, na ile sauti ya mtu aliyeamshwa ndiyo inayoufaa wimbo. Naipitisha.

Willie tena, To All the Girls... ya 2013, nyimbo 18 na wanawake tofauti. Nzuri kwa safari ndefu. Willie huimba nyuma ya mdundo, kwa hiyo anayeimba naye lazima amfuate kwa makini. Dolly na Loretta Lynn wanaliweza hilo, baadhi ya wadogo hawaliwezi. Half Nelson yake ya 1985 ina wimbo na Hank Williams, aliyekufa Januari 1, 1953. Unajua nitakachosema.

Glen Campbell, Duets ya 2024, pia iliundwa baada ya yeye kufa 2017, kwa sauti alizorekodi kwa albamu ya 2011. Jalada halikudanganyi. Kama unampenda, nunua ukijua.

Za bei rahisi: flashi za mia tatu zenye "kantri 500" zina nyimbo zilizokatwa mwisho. Basi.

Kinachoniudhi ni bei. Santuri ile ile, kibanda kimoja elfu mbili, kingine elfu tano, na ukiuliza sababu unaambiwa "ni original". Wakiona unamnunulia mzee, inapanda. Na hawakubali kuicheza kabla hujalipa! Nguo ya mitumba tunaijaribu juu ya nguo tulizovaa, kiatu tunakivaa tukatembea nacho, lakini santuri ya elfu nne tununue kwa kuangalia picha? Kataa. Mwambie aweke sindano wimbo wa kwanza hadi kiitikio, na kama hana mashine ya kuchezea, nenda kwa jirani yake.

Baba hakuitupa zawadi yangu. Ila ameniagiza "Love Is No Excuse" ya 1964, Jim Reeves akiwa hai, akiimba na Dottie West huyo huyo. Ipo kwenye baadhi ya mikusanyo. Soma orodha ya nyimbo nyuma ya jalada kabla hujatoa pesa, na mimi bado naitafuta.